Rahisi ya Kweli na Rahisi ya Jina: Somo la Kununua Katika Misimu ya Kupunguzwa Bei

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wetu Muhammad, sala na amani zimshukie, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo si la twahara wala la mirathi. Ni somo la sokoni. Huenda msomaji mmoja akauliza, "Na duka la nguo lahusu nini na dini?" Jawabu ni kuwa vitabu vya fiqhi tusomavyo, vikimaliza milango ya ibada huingia katika mlango wa kuuza na kununua. Wanazuoni hawakuuweka mlango huo mahali hapo kwa mchezo. Mtu husali mara tano kwa siku, lakini mkono wake huingia mfukoni mara nyingi zaidi ya hizo.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililotufika. Baada ya Idi moja iliyopita alitujia darasani ndugu yetu mmoja, mtu mwema, mwenye kazi yake na watoto wanne, akataka tumkopeshe shilingi 8,000 za ada ya skuli. Tulipomwuliza fedha zake zimekwenda wapi, akatuhesabia: viti vya sebuleni, zulia, mapazia, na nguo za watoto jozi mbili mbili. Kisha akasema kwa furaha, "Lakini vyote nimevipata kwa bei ya Idi. Vilikuwa vya 60,000, nimelipa 48,000. Nimeokoa 12,000." Tukatazamana. Mtu aliyeokoa 12,000, mbona amekuja kukopa 8,000? Swali hilo ndilo somo letu.

KUTAFUTA RAHISI SI AIBU

Twapenda kwanza kuondoa fikira mbaya. Wako watu wadhanio kuwa kupatana bei ni ubakhili, na kuwa muungwana ni yule atoaye alichotajiwa bila ya kusema neno. Hivyo sivyo tulivyofundishwa. Imepokewa katika Bukhari khabari ya Urwa al-Bariqi, aliyepewa dinari moja na Mtume (S.A.W.) ili amnunulie mbuzi. Urwa akenda sokoni, akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Mtume hakumlaumu, bali alimwombea baraka katika biashara yake, hata ikasemwa kuwa lau angenunua mchanga angalipata faida.

Vilevile Mtume mwenyewe alipatana bei na Jabir bin Abdillahi juu ya ngamia wake walipokuwa safarini, na walipofika Madina akamlipa thamani yake, kisha akamrudishia na ngamia. Basi tazameni: kupatana kulikuwako, na ukarimu ulikuwako, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Kwa hiyo hatusemi kuwa mtu asitafute rahisi. Twasema aijue ni ipi.

KWA NINI BEI HUPUNGUZWA

Katika mji wetu wa Mombasa misimu ya kununua yajulikana: Ramadhani na Idi ya mfungo mosi, Idi ya mfungo tatu, kufunguliwa kwa skuli, na Krismasi na mwaka mpya wa wenzetu. Katika miaka ya 2010 ulituingilia msimu mwengine, uitwao Ijumaa Nyeusi, mwishoni mwa Novemba. Asili yake ni Marekani, ambako ni siku ifuatayo sikukuu yao ya kushukuru, iliyo Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Mwaka 2014 wafanya biashara wa mtandao wa Souq.com huko Dubai waliona vibaya kuiita Ijumaa nyeusi, nayo ni siku tukufu, wakaiita Ijumaa Nyeupe. Jina lilibadilika, lakini hesabu ilibaki ile ile, na somo letu ni la hesabu, si la rangi.

Mnunuzi mwenye akili aonapo kibao cha bei iliyopunguzwa, jambo la kwanza ajiulize: huyu ana sababu gani ya kunipunguzia? Mwenye duka hakufungua duka ili atoe sadaka. Ana kodi ya nyumba, ana mishahara, na mali iliyolala rafuni ni fedha iliyokufa. Sababu zake hazipiti hizi sita.

Ya kwanza, msimu umepita, na kanzu za Idi zimebaki. Ya pili, mali mpya yaja, naye ataka nafasi na fedha. Ya tatu, tarehe ya kwisha i karibu, kama maziwa, unga na tende za pakiti. Ya nne, kitu kina dosari: kimechujuka kwa jua la dirishani, au mshono umekwenda upande. Ya tano, ni chambo: sukari huuzwa kwa hasara karibu ya mlango ili uingie ununue vitu kumi vyengine kwa bei ya juu. Ya sita, hapana kilichopunguzwa: bei ilipandishwa kwanza, kisha ikashushwa mbele ya macho yako.

Nne za kwanza ni rahisi yenye sababu, na mtu aweza kufaidika nayo maadamu ameijua sababu na ameridhika. Ya tano yamfaa mwenye moyo mgumu, aingiaye kwa sukari akatoka na sukari. Ya sita ni ghushi. Nayo ni ndugu wa lile alilolikataza Mtume, nalo ni mtu kuongeza bei bila ya nia ya kununua ili mwengine ahadaike. Zamani mtu huyo alisimama mnadani. Leo hukaa ndani ya simu akiandika kuwa watu ishirini wanakitazama kitu hiki sasa hivi na kimebaki kimoja tu, na khabari hiyo ni ya uwongo.

Sasa tazama tuliko sisi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani mji mzima wataka kanzu, wataka viatu, wataka madera, na wataka siku moja. Muuzaji ana haja gani ya kupunguza hapo? Mnunuzi ndiye aliye na haraka, na haraka haraka haina baraka. Msimu huo tuuitao wa bei ya Idi, kwa vitu vingi ndio msimu wa bei ya juu. Rahisi ya Idi iko nyuma yake na mbele yake: iko katika Rajabu na Shaabani kabla watu hawajatoka, na iko baada ya sikukuu, mwenye duka anapoyatazama mabaki yake. Wala hapana aliyefichwa tarehe. Mwaka wetu wa mwezi hutangulia ule wa jua kwa siku 10 au 11, basi kila mwenye kalenda aijua Idi yake kwa kukisia mwaka mzima kabla. Kitambaa cha kanzu hakiozi, na leso haziozi. Mtoto hukua, ni kweli, lakini mama ajua kununua kilichozidi kidogo na kukunja pindo.

HESABU YA MNUNUZI

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Twawashauri ndugu zetu wawe na daftari dogo, au waandike katika simu, wavitaje vitu wanavyovihitaji kwa msimu ujao, na mbele ya kila kimoja waandike bei walizoziona katika maduka mawili au matatu, mwezi mmoja kabla. Daftari hilo ndilo litakalokuambia ukweli siku ya kibao chekundu. Bei iliyoandikwa na muuzaji ikakatwa kwa mstari si ushahidi, maana aliyeiandika ndiye aliyeikata.

Na hapa twasema neno la uchungu kidogo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimetia nguvu, tangu Mei 2022, kanuni isemayo kuwa duka likitangaza kupunguza bei sharti lionyeshe bei ya chini kabisa lililoitumia katika siku zisizopungua 30 zilizotangulia. Watu hao hawakuitoa kanuni hiyo katika vitabu vyetu, lakini maana yake imo katika vitabu vyetu tangu zama za Madina. Wao wameihitaji sheria ili waseme kweli. Sisi tulio na Suratul-Mutaffifin, tusomayo maonyo yake kwa wapunjao vipimo, twahitaji nini?

Baada ya daftari, zifanyeni hesabu hizi.

Kupunguza juu ya kupunguza. Kitu ni cha shilingi 1,000. Kibao chasema 20 kwa mia, na ukilipa leo 10 kwa mia zaidi. Wengi hudhani ni 30 kwa mia. Sivyo. 20 kwa mia ya elfu yakuachia 800, na 10 kwa mia ya 800 ni 80. Utalipa 720, na umepunguziwa 28 kwa mia.

Nunua viwili upate cha tatu bure. Hiyo ni kupunguziwa theluthi, kwa sharti uwe wahitaji vitatu. Ikiwa ulihitaji kimoja, umelipa bei ya viwili ili upate kimoja.

Kipimo. Tuchukue mfano wa tende. Pakiti yenye kibao cha Ramadhani ni shilingi 360, na jirani yake isiyo na kibao ni 430. Mkono hukimbilia ya 360. Lakini geuza pakiti usome: ya kwanza ni gramu 800, ya pili ni kilo nzima. Kilo ya ile yenye kibao yatoka shilingi 450. Kwa hiyo ile ya bei kubwa ndiyo rahisi. Fanya hivyo kwa mafuta, kwa unga, kwa sabuni ya unga. Gawanya bei kwa kipimo, kisha ndio unyoshe mkono.

Neno "kuanzia". Tangazo lisemapo kanzu kuanzia shilingi 700, elewa kuwa iko moja ya 700, nayo pengine haimwenei mtu. Na bei ya 999 ni elfu iliyovaa kilemba.

Nauli. Atokaye Mtwapa kuja mjini kufuata upungufu wa shilingi 100, na nauli yake ni zaidi ya hiyo kwenda na kurudi, amekwenda kutembea, hakwenda kununua.

KITAZAME KITU, UIJUE HAKI YAKO

Imepokewa na Muslim kuwa Mtume alipita kwenye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Hadithi hii husomwa kwa wauzaji, na ni haki. Lakini sisi twaona ndani yake na mafunzo ya mnunuzi: Mtume hakutosheka na kutazama juu ya chungu. Alitia mkono.

Basi nawe tia mkono. Leso zikunjue doti nzima, utazame kipande cha pili kama cha kwanza. Kanzu igeuze ndani uuone mshono wa kwapa na wa ubavu. Nguo ya rangi itoe kwenye taa za duka uitazame kwenye mwangaza wa jua. Viatu vaa vyote viwili, usimame, utembee. Kongowea, penye mitumba, kagua vifungo, zipu, na mahali pa kukalia. Kifaa cha umeme kiwashwe mbele yako. Chakula, soma tarehe, kisha ujiulize kama nyumba yako itakimaliza kabla yake. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria ya dini imempa mnunuzi hiari. Muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, nao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo hufutwa baraka ya biashara yao. Na dosari iliyokuwamo tangu kwa muuzaji ikafichika, mnunuzi ana haki ya kukirudisha kitu aijuapo. Kibao kisemacho "kilichouzwa hakirudishwi" hakiifuti haki hiyo kwa vitu kama nguo na vyombo. Sheria ya nchi nayo i upande wako: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata kitu cha ubora unaostahili na haki ya kupewa maelezo yanayohitajika, na mwaka 2012 ikatungwa sheria ya kuwalinda wanunuzi. Lakini haki yataka ushahidi. Chukua stakabadhi, uihifadhi, wala usione haya kuidai kwa sababu muuzaji ni jamaa au jirani.

RAHISI YA KUKOPA

Sasa twafika penye jeraha. Siku hizi mtu hukopa kwa simu usiku, akanunua asubuhi, kwa kuogopa kuwa rahisi itampita. Tuhesabu. Kabati la shilingi 10,000 limeshushwa likawa 8,000. Amekopa zile 8,000, na ada ni shilingi 75 kwa kila elfu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ada ni 600. Ameshindwa kulipa, ameongezewa mwezi wa pili kwa ada ile ile, zimekuwa 1,200. Mwezi wa nne ada imefika 2,400, na kabati la 8,000 limekuwa la 10,400, ghali kuliko siku lisipokuwa na kibao. Hiyo ndiyo hasara ya dunia. Ya akhera ni kubwa zaidi, kwani mkopo unaozaa kwa kupita siku ndio ile riba ambayo Qur'ani imetangaza vita juu yake. Kuiita ada hakuigeuzi.

Ama kununua kwa malipo ya mafungu, kwa bei moja iliyokatwa na kujulikana tangu siku ya mapatano, wanazuoni wengi wameijuzisha, hata ikiwa ni zaidi ya bei ya taslimu. Sharti yake ni isiongezeke kwa kuchelewa. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Na juu ya yote, usilikopee vazi la siku moja. Kukopa harusi, kulipa matanga.

HAKI YA MUUZAJI

Tusijione sisi wanunuzi ni malaika. Nabii Shuaibu aliwakataza watu wake kuvipunja vitu vya watu, na kuvipunja si kwa mizani peke yake. Mtu huokota kitambaa kizuri, akakitia ila asiyoiona ili ateremshiwe. Huo pia ni uwongo wa sokoni. Tena tumeona jambo la kushangaza. Mtu huingia duka kubwa lenye baridi ya mashine, akalipa kilichoandikwa bila ya kufungua kinywa. Atokapo, hukutana na mama ameketi chini na mafungu ya nyanya, akamkalia nusu saa amwondolee shilingi kumi. Mkali kwa mnyonge na mpole kwa tajiri, huyo hakutafuta rahisi. Ametafuta wa kumwonea.

Imepokewa kuwa sahaba Jarir bin Abdillahi al-Bajali alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi alijua ana thamani zaidi, akamfuata mwenyewe na kumwongeza bei mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, akasema alikwisha kumbai Mtume juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Hatumlazimishi mtu kuwa Jarir. Lakini amwonaye mwenziwe auza kwa dhiki, ana mgonjwa au ana deni, na ajue moyoni kuwa bei anayompa si ya haki, asiite hiyo ni bahati yake.

USIKU ULIO GHALI KULIKO VYOTE

Kitu kimoja hakina bei, nacho ndicho tukinunuliacho kanzu. Usiku wa Lailatul-Qadri hutafutwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na zaidi katika witiri zake. Usiku huo Qur'ani imeufadhilisha juu ya miezi elfu. Basi piteni barabara ya Biashara usiku wa 27, kisha piteni misikitini, mkatazame watu wetu ni wengi wapi. Hatuwalaumu wafanya biashara peke yao. Wao hufungua kwa sababu sisi twaja. Lau tungenunua Shaabani, tungepata bei, tungepata nafasi ya kuchagua, tungempa muuzaji na watumishi wake usiku wao, na tungebaki na wetu.

Ndugu yetu yule tulimkopesha zile 8,000 bila ya nyongeza, lakini kwa sharti moja: akae na mkewe waandike daftari. Katika ukurasa wa kwanza tuliandika naye hesabu yake ya kweli. Hakuokoa 12,000. Alitumia 48,000, na katika hizo alizozihitaji, kwa ulimi wake mwenyewe, zilikuwa 9,000 za nguo. Idi iliyofuata watoto wake wanne walivaa kanzu na madera yaliyonunuliwa Rajabu. Viti ni vile vile. Na usiku wa 27 alikuwa safu ya pili, na mwanawe mkubwa ubavuni mwake. Deni letu alikuwa amekwisha kulilipa mwezi wa Safari.

Kanuni yetu basi ni hii, ihifadhini: rahisi ya kweli ni kitu ulichokihitaji kabla ya kukiona, kwa bei uliyoijua kabla ya tangazo, kwa fedha uliyo nayo mkononi, bila ya kumdhulumu aliyekuuzia. Likikosekana moja katika hayo manne, hiyo ni rahisi ya jina.

MASWALI YA DARASA

1. Katika vitu ulivyovinunua Idi iliyopita, vingapi vilikuwa katika fikira zako mwezi mmoja kabla?

2. Kitu cha shilingi 2,000 kimepunguzwa 25 kwa mia, kisha 20 kwa mia juu yake. Utalipa kiasi gani, na umepunguziwa ngapi kwa mia?

3. Muuzaji amepandisha bei wiki moja kabla ya msimu ili aishushe siku ya msimu. Amesema uwongo au hakusema? Tajeni hoja zenu.

4. Sisi wenye maduka tulio katika darasa hili, twaweza kutangaza bei ya Shaabani iliyo chini ya bei ya Ramadhani, ili watu wanunue mapema? Nani atakuwa wa kwanza?

Wa billahi tawfiki.